Mwatumu Ajifunza Kubisha kwa Adabu

Kila jioni Mwatumu humsaidia baba yake, Mselem, kupanga vitenge vya kuuza kibandani, hapa mtaani Joubert Park. Baba akimwita, huitika, "Abee!" Baba akisema jambo, hukubali. Mselem ni mtu wa Tanga. Amemfundisha binti yake kuwa mtoto habishani na mkubwa.

Shuleni kwa Mwatumu, masomo mengi hufundishwa kwa Kifaransa. Anayapenda sana. Lakini ili aendelee mwakani, lazima afaulu mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, DELF, kiwango cha B1.

Siku moja alirudi analia. Alikuwa ameshindwa mtihani wa majaribio.

"Umeshindwaje?" aliuliza Mselem. "Maneno yote umeyakariri!"

Jirani yao Brigitte, Mkongomani anayefundisha Kifaransa, alikuwa akichagua kitenge.

"Sehemu ya kuongea ilikuwaje, mama?" Brigitte alimuuliza Mwatumu.

"Mwalimu alijifanya rafiki yangu. Alitaka twende sinema. Mimi niliambiwa nimshawishi twende kuogelea."

"Ukamwambia nini?"

"Nilisema, sawa, madame, twende sinema."

Brigitte alicheka mpaka kitenge kikamdondoka.

"Papa Mwatumu, Kifaransa anacho. Adabu ndiyo imemponza! Mtihani huu unapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Wanataka kuona unaweza kufanya nini kwa lugha. Kwenye B1 unatoa maoni, unayatetea. Ndiyo maana siku hizi darasani watoto wanajadiliana, hawakariri tu."

"Eish! Mwanangu abishane na watu wazima?"

"Mteja akitaka bei ya bure, unakubali?"

"Thubutu!"

"Unamtukana?"

"La! Namkaribisha, namsifu, namweleza sababu zangu. Bei inabaki palepale."

"Basi mfundishe hivyohivyo."

Tangu siku hiyo, wateja Wakongomani walihudumiwa na Mwatumu, kwa Kifaransa. Mwanzoni alimpunguzia bei kila aliyeomba.

"Utatufilisi!" Mselem alilalamika.

Taratibu Mwatumu akazoea kusema, "Samahani, madame, siafiki, kwa sababu..." Wateja walicheka, wakabishana naye, wakanunua.

Siku ya matokeo ya DELF yenyewe, alikuja mbio kibandani. Amefaulu!

"Alhamdulillahi!" alisema Mselem. "Leo tunapika pilau!"

"Samahani, baba," alisema Mwatumu kwa upole. "Siafiki. Pilau tulikula juzi. Leo tule kuku wa kuchoma, kwa sababu aliyefaulu ni mimi."

Mselem alimgeukia Brigitte, aliyekuwa amepita kuchagua kitenge kingine. "Mwalimu, unaona ulichonifanyia?"

Kisha akafunga kibanda, akaenda kutafuta kuku.