Viatu vya Kulala

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Busanza, Mutsinzi alikuwa akimwogesha mwanawe Shema kwenye beseni. Shema alikuwa na miezi minane, na yeye na sabuni hawakupatana. Ghafla Mutsinzi akaacha kusugua. Akaugeuza mguu wa kushoto, akautazama tena.

"Gaju, huu mguu unaangalia wapi?"

Mkewe akainama. "Unaangalia mwenzake."

Mutsinzi akachanganyikiwa. Ni kweli, Shema alizaliwa na mguu uliopinda kwa ndani. Lakini si walishamaliza? Kliniki walimfunga plasta ngumu, wakaibadilisha kila wiki. Wakamkata kidogo kano ya kisigino. Kisha akavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mchana na usiku, miezi mitatu. Mguu ukanyooka. Sasa umerudije?

Gaju akamwita jirani yao Eustadia, Mtanzania anayetibu miguu ya watoto.

"Viatu viko wapi?" Eustadia akauliza.

"Vimelala," akasema Mutsinzi, akionyesha juu ya kabati. Vilikuwa vimefunikwa kitambaa, vizuri kabisa.

"Vimelala?"

"Muuguzi alisema miezi mitatu ikiisha, vinakuwa viatu vya kulala. Basi nikavilaza."

"Miezi miwili sasa," Gaju akasema. "Mimi mwenyewe sina blanketi zuri hivyo."

Eustadia alijikaza asicheke, akashindwa. "Shemeji, anayelala ni mtoto. Analala navyo."

"Nani analala na viatu? Hapa viatu vinabaki mlangoni."

"Huyu analala navyo. Usiku, na usingizi wa mchana pia, mpaka afike kama miaka minne. Mguu huu unapenda kurudi ulikozoea. Viatu ndivyo vinauzuia."

Mutsinzi akakaa chini, sabuni bado mkononi. "Kwa hiyo nimemlemaza mtoto?"

"Hapana. Mguu bado ni laini. Lakini Jumatatu tunaanza plasta tena. Ukingoja, utakuwa mgumu."

Jumatatu Mutsinzi alifika kliniki kabla mlango haujafunguliwa. Plasta tatu baadaye, mguu ukanyooka, na viatu vikashuka kabatini. Usiku wa kwanza Shema alilia sana. Gaju akaangalia kama ngozi ina kidonda, hakuona, akambembeleza bila kumvua.

Leo Shema ana miaka miwili na anakimbiza kuku wa Eustadia kila siku. Saa mbili usiku huleta viatu mwenyewe.

"Baba, rara."

"Nani alale, wewe au viatu?"

"Wote," husema Shema, na kunyoosha miguu.