Mtumiaji wa Pili

Shule niliiachia darasa la sita, lakini kompyuta zinaniogopa. Ulizeni mtaa mzima. Kwa hiyo dada yangu, mpiga chapa, aliponiita mchana ule akilalamika kwamba mashine yake ya nyumbani inatambaa kama konokono mwenye mimba, nilicheka tu.

"Kaka, usicheke. Mitihani ya shule inatakiwa saa kumi. Nikichelewa, kazi wanampa mwingine."

Ilikuwa saa nane. Nikapuliza vumbi, nikafuta takataka, nikazima programu zinazojiwasha zenyewe. Wapi! Unabonyeza herufi, unakohoa, ndipo inatokea.

Nikafungua orodha ya wanaotumia nguvu ya mashine. Walikuwa wawili. Dada. Na marehemu mumewe.

Shemeji alikuwa fundi rangi. Alichapa kwa kidole kimoja, nacho hakikukosa rangi ya bluu. Tangu msiba, dada hakuwahi kuizima mashine wala kuifunga akaunti ya mumewe. Aliiacha hai kwa nyuma, akafanya kazi kwenye ya kwake.

"Ndiyo inayokula nafasi," nikasema. "Tumtoe."

Nikaingia kwanza kuchungulia. Waraka mmoja tu. Kurasa elfu tatu. Na kishale cha kuandikia kilikuwa kinatembea.

Herufi moja. Kimya. Herufi nyingine.

SHEMEJI TOKA KITINI.

Nywele zilinisimama, hata zile nilizokwisha nyoa. Lakini mimi sifukuzwi na mtu asiye na pumzi.

"Sitoki!" nikasema, kwa sauti ya kifaranga.

Nikaagiza atolewe. Mashine ikauliza: mtumiaji huyu bado anafanya kazi, aondolewe? Kidole kikagoma. Bega langu la kulia likawa zito.

Dada akausukuma mkono wangu. Akanong'ona, wala si kwangu:

"Ulipokuwa hai nilikusubiri umalize. Leo nina watoto wa kulisha. Toka, mume wangu."

Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza. Kisha mashine ikawaka, nyepesi kama unyoya. Saa kumi kasoro dakika tano, mitihani ikaenda.

Nilipofika nyumbani, mke wangu akauliza nani kanishika. Begani, vidole vinne na gumba. Rangi ya bluu. Mbichi.

Shati sijalifua. Nalivaa makusudi kila niendapo kwa dada, na nakaa kiti kile kile.

Rangi haijakauka mpaka leo.