Aliyelilisha Ziwa la Kettu

Kopo la mahindi lilikuwa limefungwa barabara, halina tundu wala mkunjo, lakini Wayne Heikkila alipolitoa kabatini lilikuwa jepesi kama ganda la yai. Akalitikisa, likanyamaza. Akalifungua na kuchungulia ndani. Lilikuwa kavu, hata tone la maji hakuna.

"Marlys! Siku hizi unanunua makopo matupu?"

"Kopo tupu linauzwa wapi, Wayne?" mkewe alijibu kutoka sebuleni.

"Basi wamekuuzia wewe. Wanamjua wa kumuuzia."

Ndivyo alivyokuwa Wayne. Likitokea jambo lisiloeleweka, maelezo yake yalikuwa tayari: kuna mjinga mahali fulani, na si yeye. Kazi yake ilikuwa kuwapakia watu wa mjini kwenye boti yake, akiwavulisha samaki katika Ziwa la Kettu, huko kwenye milima ya Idaho, katika bonde la wajukuu wa Wafini. Alijiita Kapteni. Ziwa lenyewe unaweza kulivuka huku ukimalizia kikombe cha kahawa, lakini Kapteni alikuwa na kofia yenye jina lake mwenyewe, na ndevu zilizochongwa kwa ajili ya picha.

Kwa miaka mingi alikuwa akivua kokani, ndugu mdogo wa samoni asiyekwenda baharini, mweupe kama fedha, mwenye mdomo laini kama mkate uliolowa. Samaki huyo humvui kwa nguvu. Mshipi unatakiwa ukazwe sawasawa tu, usizidi, na ukilegea kidogo ndoana inachomoka, naye anakwenda zake. Kutwa nzima Wayne aliwafokea wateja: "Usilegeze! Ukilegeza umempoteza! Hivi mikono hiyo mmepewa ya kulia supu tu?"

Ili kuwakusanya, kila alfajiri alimwaga mahindi ya kopo yaliyolazwa kwenye kitunguu saumu na mafuta ya uduvi, kwenye ghuba moja ile ile chini ya jabali jeusi. Na kila samaki aliyempata alimkata mashavu akamning'iniza ubavuni mwa boti mpaka amalize damu, maana nyama ya kokani asiyetolewa damu huharibika upesi. Wavuvi wote wa huko hufanya hivyo. Lakini nafaka na damu, pahali pamoja, saa ile ile, mwaka baada ya mwaka? Mwelezee mtu yeyote wa Tanga au Pemba, hatakuuliza habari za samaki. Atakuuliza, huyo bwana anamlisha nani?

Aliambiwa. Shangazi yake Marlys, Bi Elma Koskela, alimwambia mezani mbele ya watu kwamba wazee wa Kifini hawakulisha maji mara mbili pahali pamoja, kwa kuwa majini kuna pepo aitwaye Naki, na Naki akionjeshwa hukariri njia. Wayne alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Shangazi, huyo Naki wako mwambie akate kwanza kibali cha uvuvi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa lake, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Kiangazi hicho aliihama ghuba yake. Wateja walitaka trauti wakubwa wa kwenye kina, wa kupigia picha wakiwa wamewakumbatia kama watoto, naye Kapteni akatangaza kwamba kokani ni samaki wa wajane. Hakurudi chini ya jabali hata siku moja, wala hakumwaga punje. Wiki ile ile ndipo makopo yalipoanza kuwa matupu.

Baada ya makopo ilikuja harufu. Ilipanda kwenye tundu la sinki la jikoni, kitunguu saumu na uduvi, pamoja na ubaridi wa theluji iliyoyeyuka, ingawa ulikuwa mwezi wa Agosti na mbwa alikuwa amelala kivulini akihema. Kisha ukaja mlio, krrr, krrr, mlio wa kigurudumu cha ufito wa kuvulia kinapoachia mshipi. Ulisikika nyuma ya jiko, ukahamia ukutani, ukaishia chini ya kiti alichokuwa amekalia Marlys.

"Umesikia?" Marlys alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani ana mshipi, Wayne?"

"Basi panya mvuvi. Kula."

Siku iliyofuata alifungua friza achukue samaki wa chakula cha wateja. Aliwagandisha mwenyewe mwezi wa Julai, weupe, wametumbuliwa na kufungwa kwenye nailoni. Sasa walikuwa wekundu kama pilipili, migongo imefanya nundu, taya zimepinda na kuota meno, jinsi kokani wanavyogeuka wakati wa vuli wanapopanda kijito kutaga mayai na kufa. Ila hawa walikuwa wamekufa zamani, hawana matumbo, na bado miili yao ilikuwa imeendelea na safari humo barafuni gizani. Wayne alifunga kifuniko. Kisha, kwa kuwa alikuwa Wayne, alimpigia simu fundi wa friza akamtukana.

Jumapili wakati wa kifungua kinywa damu ilimtoka Marlys puani, ikadondoka kwenye mkate. Alipojipangusa alishika pembe ya mdomo wake akasita. Palikuwa na kitundu kidogo, safi, mfano wa kitundu cha hereni.

"Wayne," alisema polepole, "kuna kitu kinanivuta."

"Kinakuvuta wapi?"

Hakuweza kujibu, kwa sababu mdomo ulianza kunyooka wenyewe upande mmoja, ngozi ikichongoka kama inavyochongoka nguo iliyonaswa na msumari, na kichwa kikafuata, kikageuka kuelekea dirishani, kuelekea ziwani, wakati macho yake yalibaki kwa mumewe yakimwomba afanye jambo lolote, na kule ukutani kigurudumu kikilia krrr, krrr, taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka.

Wayne alifanya jambo alilolijua. Alimkumbatia, akamkaza, akambeba hadi kwenye gari, akaondoa gari kuelekea mjini, mbali na maji. Na hapa ndipo mtu anapotamani kumzaba kibao, kwa sababu kadiri walivyokuwa wakilipa ziwa mgongo ndivyo damu ilivyozidi, na walipofika juu kwenye mlima kitundu kilikuwa kimekuwa mpasuko, na Marlys alikuwa akipiga kelele zisizo na maneno, huku amebanwa kwenye kioo cha nyuma kama karatasi iliyopeperushwa na upepo, na mwanamume aliyevua kokani maisha yake yote anakanyaga mafuta na kupiga makelele, "Kaza! Usikubali! Kaza!"

Hospitalini walimjaza pamba, wakampima hiki na kile, wakakiri kwa upole kwamba hawaoni sababu. Damu ililoanisha pamba zote. Marlys aliomba simu kwa ishara, akampigia shangazi yake, akamkabidhi mumewe.

"Unamvutia upande gani?" Bi Elma aliuliza bila salamu.

"Mbali na ziwa, Shangazi! Ungetaka nimpeleke huko akaliwe?"

"Kokani akinasa, wewe ukavuta huku na yeye akavuta kule, mdomo wake huwaje?"

Wayne aliitazama pamba iliyolowa.

"Nimekuuliza, Kapteni."

"Unachanika," alisema kwa sauti ndogo.

"Hata hilo nalo nikufundishe mimi? Umemlisha Naki miaka yote hiyo, ukamwonyesha ndoana, ukamwonyesha na jinsi ya kutoa damu. Amejifunza kwako. Hana ufundi mwingine. Sasa mlete mtoto wangu huku, na umlegeze."

Marlys aliyasikia hayo. Aliondoa pamba mdomoni, akamtazama mumewe kwa macho ambayo nisingependa kutazamwa nayo, akasema, "Endesha."

Kila kona waliyoteremka damu ilipungua. Bi Elma alikuwa akiwangoja ufukoni chini ya jabali, amekwisha kuwasha moto wa sauna, kibanda cha kuogea mvuke, taulo liko begani. Katika bonde lile alijulikana kwa kazi moja: kusimamisha damu kwa maneno. Wakata miti waliojikata kwa shoka waliletwa kwake kabla ya kupelekwa kwa daktari. Wayne alikuwa akiiita kazi hiyo redio ya bibi kizee.

"Wewe kaa hapo," alimwambia. "Na mdomo uufunge, kama unajua unavyofungwa."

Alimshika Marlys mkono, wakaingia majini pamoja, wakamfuata yule anayevuta. Maji ya Kettu ni baridi ya kuuma mifupa. Yalifika magotini, kiunoni, na kwa kila hatua mdomo wa Marlys ulirudi mahali pake, mpaka ukalegea kabisa. Bi Elma akaweka kidole juu ya kidonda akaiambia damu maneno ya Kifini cha zamani, bila kupaza sauti, kama mtu anayemrudisha ndama zizini. Damu ikasimama. Kitu cheupe kilichopinda kama mfupa wa samaki kikadondoka kutoka mdomoni mwa Marlys, kikazama.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini Kapteni alikuwa hajasema kitu muda mrefu mno.

"Nichukue mimi!" alipiga kelele, akaingia majini na viatu vyake. "Mimi ndiye niliyekulisha! Mwache mke wangu, nichukue mimi!"

Yalikuwa maneno mema, pengine mema kuliko yote aliyopata kusema. Ila aliyasema kama mtu anayejinadi mnadani. Hapo maji yalirudi nyuma mara moja, mawe ya ufukoni yakabaki wazi, na Wayne akaanguka kifudifudi akaburutwa kwa mdomo juu ya mawe hayo mpaka kwenye kina, kofia yake ikibaki inaelea. Kisha ukungu ulioganda chini ya jabali ukapasuka na wale wanawake wawili wakamwona akiinuliwa polepole, mpaka viatu vyake vikatoka majini vikichuruzika, amening'inia kwenye kitu wasichokiona, na nyuma yake ndani ya ukungu palikuwa na upana fulani mweupe, mpana kuliko boti, uliokuwa ukimgeuza upande huu, ukamgeuza upande wa pili, ukamnyoosha miguu, kama anavyonyooshwa samaki anayepimwa.

Ilisikika pumzi moja fupi ya puani, ya mtu aliyetarajia zaidi.

Kisha ule upana ukamtupa. Wayne aliangukia ufukoni, mdomo umechanika, anatapatapa na kumeza hewa. Marlys alijifunika taulo akaja kusimama karibu naye. Hakuinama.

"Ameniacha?" Wayne aliuliza akitetemeka. "Shangazi, amenisamehe?"

Bi Elma alikuwa akikamua maji kwenye sketi yake. "Wewe na wateja wako, mkimpata samaki mdogo mnamrudisha majini. Mnamrudisha kwa nini?"

Wayne alimtazama.

"Ili akue," Marlys alimjibia.

Siku hizi Kapteni haendi ziwani. Kuhama nako hawezi, kwani kila akifika juu ya mlima kidonda chake humvuta, naye hugeuza gari. Marlys anapika kama zamani, akimwekea mbele viazi na siagi, naye hula kiazi kimoja na kusukuma sahani, mwanamume mzima anayeogopa chakula kama msichana anayengoja kushonewa gauni la harusi. Bonde zima linamcheka. Hanywi maziwa, hagusi nyama, mashavu yameingia ndani mpaka kofia inamzidi. Na kila asubuhi hupanda kwenye mizani ya bafuni, akiwa na njaa ya jana na juzi, akatazama chini kati ya vidole vya miguu yake, na kila asubuhi anakuta ameongezeka uzito.