Mzee Najua na Chupa ya Dawa

Haya, nikutegee: ana mdomo mmoja lakini hasemi, maneno yake yote yako tumboni. Umeshindwa? Nipe mji. Ni chupa ya dawa.

Chupa hiyo ilishikwa na baba mmoja. Majirani walimwita Mzee Najua, maana kila akiambiwa jambo hujibu, "Najua." Mkewe alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya. Aliimwagilia asubuhi na jioni, akiomba iwahi mvua, kwa kuwa shamba lao la nyanya ndilo lililowalisha. Wadudu wakaanza kutoboa majani.

"Baba, nikusomee maelezo?" binti yao akauliza.

"Najua. Mimi nasoma herufi kubwa tu. Ndogo ni za mawakili."

Herufi kubwa zilisema CONCENTRATE. Dawa ya zamani ilikuja imeshachanganywa, naye aliizoea. Hii nayo akaimimina kwenye bomba vilevile, bila tone la maji, akanyunyizia kitalu chote.

Kesho yake miche ilikuwa imebabuka kama iliyopitiwa na moto. Mkewe alichutama, akashika mche mmoja. Ukavunjika.

"Mtoto alikuwa hapo hapo," alisema polepole. "Kwa nini hukumwuliza?"

Mzee Najua aliinamia viatu vyake.

Bibi shamba, anayewashauri wakulima, alikuja akaigeuza chupa.

"Mzee wangu, tazama. Hili 'concentrate' ni jina la kitu: dawa nzito, kali. Linakwambia umeshika nini. Halikwambii ufanye nini. Hili dogo la chini, 'dilute', ni kitenzi, tena ni amri: zimua kwa maji. Kipimo kiko pembeni yake. Moja linataja, jingine linatuma. Usisome moja ukaacha la pili."

"Kumbe huyu mdogo ndiye bosi!" binti akacheka. Mama yake hakucheka.

Walisia mbegu upya. Safari hii binti alisoma herufi zote, baba akapima, akaizimua dawa. Miche ikasimama, majani mazima. Lakini mvua nzuri ilikuwa imeshapita, na nusu ya shamba ikabaki tupu.

Jioni moja mkewe alisimama akiutazama upande ule mtupu. Mzee Najua akamsogelea.

"Mama watoto, lile swali lako. Niliona haya mbele ya mtoto. Sikujua."