Mwanga Uliokuwa na Haraka

Binti yangu ana miaka sita. Bibi yake, mama mkwe wangu, humwita Chiriku kwa jinsi anavyocheka. Lakini hawezi kutamka neno, na mikono yake hukakamaa, haimtii. Kila asubuhi namwogesha, namlisha, namwongelesha. Nauliza mwenyewe, najijibu mwenyewe. Nilitamani neno moja tu kutoka kwake, hata la kunigombeza.

Siku moja fundi wa programu za kompyuta alituletea tableti. Ina picha nne: maji, nje, mama, kulala. Mwanga wa njano unaruka kutoka picha moja hadi nyingine. Ukifika kwenye picha anayoitaka, Chiriku anabonyeza kwa mkono kitufe kikubwa kilichowekwa kando yake, na tableti inalitamka neno.

Chiriku akabonyeza.

"Kulala," tableti ikasema.

Nikambeba hadi kitandani. Akalia.

Kesho yake, vilevile. Wiki nzima, kulala na kilio.

"Mtoto gani huyu, usingizi kama paka?" mama mkwe alitania.

"Labda haelewi, mama," nilijibu.

Fundi aliporudi, alikaa sakafuni akamtazama Chiriku.

"Dada, usimshike mkono. Mwache."

Nikaficha mikono mgongoni. Ilikuwa kazi! Mkono wa Chiriku ukajivuta polepole hadi kwenye kitufe, na tableti ikasema tena kulala.

"Umeona?" akasema. "Mkono unaanza safari kwa wakati, lakini ukifika, mwanga umeshahama. Mtoto anaelewa vizuri. Kosa ni langu, nimeuwekea mwanga mbio."

Akaupunguza mwendo. Mwanga ukawa unakaa sekunde nne kwenye kila picha. Kitufe akakihamishia karibu na shavu, maana kichwa cha Chiriku kinamtii kuliko mkono.

"Kila mtoto ana kiungo chake na mwendo wake," alisema. "Jibu lisipoeleweka, kagua kifaa kwanza. Usimlaumu mtoto."

Mwanga ukawaka kwenye maji. Chiriku akatulia. Ukaenda nje. Akatulia. Ukafika kwenye picha yangu. Shavu likagusa kitufe.

"Mama."

Nikaitoa mikono mgongoni.

Mama mkwe akapiga makofi. "Kumbe! Wiki nzima mtoto anakuita, wewe unamlaza!"

Tukacheka, nami nikalia humo humo. Mwanga ulikuwa umeanza kuzunguka upya. Maji, nje. Chiriku akanitazama. Shavu likagusa tena.

"Mama."

"Abee," nikaitika. "Abee, mwanangu. Nipo."