Chumvi ya Bibi Evodia

Nikitoka shule, kazi zangu nilikuwa nazijua bila kuambiwa. Navua sare, nachukua ndoo mbili, nakwenda bombani, narudi, nawasha moto, nabandika maharage. Bibi Evodia, mama yake mama yangu, hurudi shamba jua likiwa limelala, na hapendi kukuta jiko la baridi. Mama yuko Kasanga, kule ziwani, anauza dagaa. Mimi aliniacha huku juu, karibu na Sumbawanga, nisome shule ya kata. Nyumba yetu ilikuwa na watu watatu: Bibi, mimi Jovina, na binamu yangu Agnesi wa miaka sita, anayependa chumvi kuliko mbuzi.

Jikoni kwa Bibi kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Mwanamke aliye katika siku zake haweki chumvi kwenye mboga. Atapika kila kitu, lakini chumvi atamwita mtoto mdogo aje aiweke. Akiiweka mwenyewe, walaji watashikwa na kikohozi cha kifua. Ndivyo Bibi alivyofundishwa na mama yake, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Mimi je, ningeanzia wapi kuuliza? Kwa hiyo kwetu hakuna aliyehitaji kutangaza jambo. Ukisikia, "Agnesi, njoo uweke chumvi," basi, nyumba nzima imeshajua.

Nilivunja ungo Desemba, kabla ya kuanza kidato cha kwanza. Januari kimya. Februari damu ikaja tena, nikamwita Agnesi, akaja mbio na kulamba vidole. Machi, kimya. Aprili ikaanza, kimya.

Siku moja niko bombani kwenye foleni, nikawasikia wanawake wawili mbele yangu wakimteta Mama mkubwa Hellena, dada yake mama. Mama mkubwa aliolewa Mtowisa, akakaa miaka saba bila mtoto, mumewe akamrudisha. Sasa ana genge la mboga mjini.

"Yule alianza hivyo hivyo tangu usichana," mmoja alisema. "Mwezi unakuja, mwezi hauji. Mwisho tumbo likafunga."

"Na mambo hayo ni ya ukoo," mwenzake akajibu.

Nilihisi uso unawaka. Ndoo ilijaa ikamwagika, sikuiona. Niliporudi nyumbani nilijifungia chumbani nikalitazama tumbo langu kama la mtu mwingine. Miaka kumi na mitatu tu, na mimi tayari tasa! Nani atanitaka? Mama nitamwambia nini?

Jioni ile ile Bibi akasema, akichambua mboga, "Siku hizi naona Agnesi hana kazi jikoni."

Alisema hivyo tu, wala hakuniangalia. Nikajua anawaza mawili: ama mjukuu wake ana mimba, ama ni Hellena wa pili. Nikashika kopo la chumvi, nikalirudisha rafuni, nikaita kwa sauti ya kujikaza, "Agnesi! Njoo uweke chumvi."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na haukuhitaji hata maneno mengi. Bibi aliguna kwa kuridhika.

Rafiki yangu Klementina aliwahi kuniambia kwamba siku zake huja kila baada ya siku ishirini na nane. Basi nikaichukua kalenda ya parokia iliyoning'inia ukutani, nikahesabu, nikaweka nukta za penseli pembeni mwa tarehe. Kila nukta zilipofika, nilimwita Agnesi siku nne mfululizo, siku ya tano nikaweka chumvi mwenyewe. Nilifanya hivyo Aprili, nikafanya Mei, nikafanya mwanzoni mwa Juni. Nilifua hata vitambaa visivyo na doa nikavianika nyuma ya nyumba. Aibu ilivyo mbaya, inakufundisha hata ufundi usiouhitaji.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Uongo wa Juni uliisha Jumapili. Alhamisi iliyofuata, niko jikoni, maharage yanachemka, nikasikia tumbo linavuta. Nikaenda chooni. Damu. Ya kweli!

Nilirudi jikoni. Nikimwita Agnesi, Bibi atauliza: mtoto gani huyu anaingia mwezini mara mbili ndani ya wiki mbili? Uongo wote utafunuka. Nisipomwita, nitavunja sheria. Bibi alikuwa mlangoni anapukuta udongo miguuni. Nilitazama kopo. Nikafumba macho, nikaweka chumvi kwa mkono wangu.

Tulikula. Bibi akasifu maharage.

Jumamosi Bibi akaanza kukohoa.

Juni huku kwetu upepo unakata kama wembe, na nusu ya kijiji hukohoa. Lakini nani angeniambia hilo nikasikia? Kila Bibi alipokohoa, niliiona chumvi yangu. Jumapili hakwenda kanisani. Alikaa kando ya moto na kitenge begani, akikohoa hadi machozi yanamtoka, na mimi nimesimama na kikombe cha chai mkononi, najua nimemuua bibi yangu.

"Bibi," nikasema, chai inamwagika. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Chumvi. Niliweka mwenyewe. Nilikuwa... Bibi, zile siku zingine zote nilidanganya. Damu haikuja tangu Februari. Nilimwita Agnesi ili usijue. Mimi ni tasa kama Mama mkubwa, na sasa umeugua kwa sababu yangu."

Nililia kama mtoto wa chekechea. Agnesi alisimama mlangoni, mdomo wazi. Bibi alikitoa kikombe mkononi mwangu, akakiweka chini. Nilitamani anichape, yaishe.

"Nani alikuambia habari za Hellena?" aliuliza mwisho.

Nikamweleza ya bombani. Bibi akainamisha kichwa. Nilidhani ni hasira, kumbe macho yake yalikuwa yamelowa. "Nimewasikia na mimi, miaka yote hiyo," akasema. "Nikanyamaza. Mwanangu mwenyewe, nikaona aibu kumtetea. Kesho asubuhi twende zahanati. Mimi na kikohozi changu, wewe na mambo yako."

Kwenye benchi la zahanati nilikaa nimejifunika kanga hadi puani. Nesi Herieth alimpima Bibi kwanza, kisha akaniita mimi peke yangu, akafunga mlango. Alinipima uzito, akanitoa tone la damu kidoleni kuangalia kama inatosha. Akauliza kama nakula vizuri, kama kuna maumivu makali, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kunishika au kunilazimisha. Nikasema hapana. Nilijibu nikiangalia sakafu.

"Jovina, inua uso," akasema. "Ulianza hedhi lini?"

"Desemba," nikajibu, kisha nikamweleza yote: miezi ya kimya, siku za Klementina, kalenda, vitambaa, chumvi, na hofu yangu ya utasa.

"Hata mwaka haujaisha! Mwili wako unajifunza kazi mpya. Miaka miwili, mitatu ya mwanzo, hedhi ya msichana inaweza kuja leo, ikaruka mwezi, ikarudi. Wengi wako hivyo. Siku ishirini na nane ni za Klementina, si sheria ya kila mtu."

"Kwa hiyo mimi si tasa?"

"Nani amekuambia utasa unapimwa kwa kalenda ya msichana wa miaka kumi na mitatu? Hedhi kurukaruka katika umri wako haimaanishi hutazaa. Na usije ukageuza maneno yangu: haimaanishi pia kwamba huwezi kupata mimba. Msichana ambaye siku zake hazitabiriki anaweza kushika mimba bila kutegemea."

Kisha akamfungulia mlango Bibi, akarudia mbele yake. "Ila kukaa zaidi ya miezi mitatu bila damu, hapo mnakuja tuangalie. Vivyo hivyo ikitoka zaidi ya siku saba, ikiwa nyingi mno, au ikiuma hadi ashindwe kwenda shule. Jovina alipaswa kuja mwezi uliopita, badala ya kuanika vitambaa visafi."

Niliona aibu upya. Bibi akakohoa, akauliza polepole, "Na chumvi je, mwanangu?"

Nesi alimjibu kwa heshima. "Bibi, chumvi haijui nani kaiweka. Kikohozi chako ni mafua, baridi na moshi wa jikoni."

"Na mwanangu Hellena?"

"Huyo siwezi kumsemea bila kumpima. Lakini mume wake alipimwa?"

Bibi alitikisa kichwa. Hakuna aliyewahi hata kuliwaza hilo.

Njiani Bibi aliniomba tupitie mjini kwanza. Tulimkuta Mama mkubwa Hellena gengeni, anapanga nyanya. Bibi alimshika mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Walikusema nikanyamaza." Mama mkubwa aliziacha nyanya. Alivuta kigoda, akamkalisha mama yake, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilisogea pembeni nikahesabu vitunguu visivyo vyangu.

Jioni nilibandika maharage. Siku zangu zilikuwa bado hazijaisha. Yalipoiva, kwa mazoea nikageuka kumwita Agnesi, naye tayari ameshanyoosha kidole cha kulambia. Bibi akaniwahi. Alishusha kopo rafuni akaliweka mkononi mwangu.

"Weka mwenyewe," akasema.

Niliweka kwa haraka, chumvi ikazidi. Agnesi alinuna kwa kunyang'anywa kazi. Bibi alikula bila kulalamika, akanywa maji vikombe viwili, kisha akasema:

"Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliificha aibu ya Hellena miaka mingi, na wewe ukaificha yako miezi mitatu, na hakuna kati yetu aliyepona kwa kuficha. Mwili ukikushangaza, uliza anayejua. Ukikosa wa kumwambia, niambie mimi. Na kesho, mjukuu wangu, chumvi nusu."