Loda Iliyojikunja Peke Yake

Ezéchiel na mke wake Agathe walikaa mtaa wa Cato Manor, katika mji wa bandari kusini mwa Afrika, kwenye nyumba ndogo ya mtelemkoni. Walitoka Uvira, Kongo, miaka mingi nyuma. Agathe alisuka nywele kwenye saluni mjini. Ezéchiel aliendesha loda katika ghala la chumvi huko Jacobs, eneo la viwanda. Binti yao aliitwa Cathy, na majirani waliwaita Papa Cathy na Mama Cathy.

Loda ni mashine kubwa ya magurudumu manne. Mbele ina ndoo ya kuchotea. Katikati ina kiungo, kama kiuno cha mtu. Ikipiga kona, haigeuzi magurudumu ya mbele kama gari. Inakunja kiuno chake.

Ghala lile halikuzoeleka haraka. Chumvi ilirundikwa hadi karibu na paa. Sakafu ilikuwa nyeupe, kuta nyeupe, hata nyusi za wafanyakazi zilikuwa nyeupe. Sauti haikwenda mbali. Ulimwita mtu aliyekuwa karibu nawe, na chumvi ikaimeza sauti yako, naye asigeuke.

Kwa muda mrefu Ezéchiel alitumia loda ya zamani yenye usukani wa duara. Majira ya baridi ya mwaka 2012, loda hiyo ikafa kabisa. Msimamizi wa ghala, Bwana Govender, akampeleka nyuma ya rundo la mwisho. Hapo palikuwa na loda nyingine iliyofunikwa turubai.

"Utatumia hii," alisema. "Haina usukani wa duara. Ina kijiti tu."

Ezéchiel aliijua. Kila mtu pale aliijua. Ilikuwa ya Libère.

Libère alikuwa Mrundi, mtu mpole wa maneno machache. Mwaka mmoja kabla, asubuhi moja ya ukungu, wenzake walimkuta amebanwa kati ya ngazi ya kabini na tairi la mbele la kushoto. Amekwisha kufa. Injini ilikuwa inaunguruma. Mashine ilikuwa imejikunja. Kwenye kiti hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile hakuna aliyetaka kuigusa. Lakini kazi ilikuwepo, na Ezéchiel alikuwa na familia. Akaondoa turubai, akapanda.

Ndani ya kabini palikuwa safi. Kwenye egemeo la mkono wa kushoto kilisimama kijiti kifupi. Alikisukuma kidogo kushoto. Mashine nzima ikakunjika mara moja, kimya, kama mtu anayegeuka kukutazama.

Siku za kwanza alienda polepole. Kisha jambo likaanza kutokea. Kila aliporudi nyuma kutoka kwenye rundo la mwisho, akikaribia ukuta, loda ilikata kushoto yenyewe. Hakuwa ameisukuma. Alikuwa na hakika. Na ilifanya hivyo mahali pamoja tu, pale pale alipofia Libère.

Alipoteremka kutazama, aliona alama za matairi juu ya chumvi. Zilikuja zimenyooka vizuri, halafu zikapinda kuelekea ukutani. Alama mpya zilipanda juu ya zile za jana. Zote zilipinda sehemu moja.

Jioni alimwambia mke wake. "Mama Cathy, ile mashine iko na mtu ndani."

Agathe aliacha kukoroga ugali. "Umemwona?"

"Simwoni. Nasikia tu anapogeuza."

"Basi iache."

"Nikiiacha tutakula nini?"

Agathe akarudi kukoroga ugali. Kesho yake alimpa mumewe kichupa cha mafuta yaliyoombewa kanisani. Ezéchiel akapaka kijiti, akapaka na mlango. Asubuhi ile loda ilikata kushoto zaidi kuliko siku zote. Ndoo ikakwaruza ukuta, na chumvi ikaporomoka taratibu juu ya kioo mpaka kabini ikawa giza.

Baada ya hapo baridi ilizidi. Ezéchiel akavaa koti nene, refu, la kufika magotini. Mdogo wake Agathe, Doudou, alifanya kazi ya usafi katika ghala hilo hilo. Kazi yake moja ilikuwa kukwangua chumvi iliyoganda kwenye kiuno cha loda.

Siku moja Ezéchiel alisimamisha loda ili ateremke anywe chai. Hakuzima injini. Doudou alikuwa tayari amesogea kando ya ngazi na ufagio wake, anafagia katikati ya kiungo.

"Shemeji, ngoja nitoe hii kwanza," Doudou alisema.

Chumvi ikamwingia machoni. Akauacha ufagio kwenye kiungo, akarudi nyuma hatua chache, akijifuta kwa shati. Wakati huo huo Ezéchiel aliinuka kutoka kwenye kiti.

Loda ikajikunja. Tairi la mbele likaja nyuma mpaka kwenye ngazi. Mpini wa ufagio ukalia mara moja, ukakatika.

Wanaume wawili wakatazamana. Nusu ya ufagio ilibaki imebanwa mahali alipokuwa amesimama Doudou. Injini iliendelea kuunguruma. Kiti kilikuwa kitupu. Hivyo ndivyo Libère alivyokutwa.

"Shemeji," Doudou alisema kwa sauti ndogo, "umegusa kitu?"

"Sijagusa kitu. Mikono yangu ilikuwa mlangoni."

Ezéchiel alizima injini, akaondoka ghalani bila kumuaga mtu. Nyumbani alikaa kitandani na koti lake. Agathe aliposikia kwamba aliyeponea chupuchupu ni ndugu yake wa tumbo moja, alikaa kando yake.

Siku iliyofuata, saluni, alikuwa anamsuka jirani yake Colette. Colette alikuwa Mrundi, kama Libère. Aliendesha loda bandarini, kwenye upakuaji wa shehena, na wanawake wa mtaani walimwita Mama Loda. Agathe alimweleza yote, huku akisuka.

"Watu wanasema ni Libère mwenyewe," alimaliza. "Wengine wanasema ni mjane wake, Spès. Eti alimtengeneza mume wake kwa uchawi, na dawa imebaki kwenye mashine. Kanisani hakuna anayekaa naye benchi moja."

"Na wewe unakaa naye?" Colette aliuliza.

Agathe aliinamisha kichwa. "Mimi pia nilihama benchi."

Colette aligeuka akamtazama. "Mwambie Papa Cathy asipande tena mpaka niione hiyo loda. Na aje na lile koti."

Jumamosi Bwana Govender aliwaruhusu. Agathe naye alikwenda. Ndani ya ghala palikuwa na ukungu mwepesi, na weupe wa chumvi na wa ukungu haukutofautiana. Colette aliwasimamisha wote mbali, ubavuni.

"Fanya kama siku zote," alimwambia Ezéchiel. "Rudi nyuma kutoka kwenye rundo, ila taratibu sana. Nikiinua mkono, simama."

Ezéchiel akarudi nyuma. Alipokaribia ukuta, loda ikakata kushoto. Agathe akajifunika mdomo. Colette akainua mkono.

"Sasa vua koti. Rudia."

Akarudia. Loda ikapita kando ya ukuta, imenyooka. Akarudia tena. Ikanyooka. Kisha akazima injini, akateremka.

"Hapa ndipo unapogeuka kutazama nyuma, begani kushoto, ili usigonge ukuta," Colette alisema. "Kwingine unatazama kioo. Hapa unageuza mwili mzima. Kiwiko chako na pindo la koti vinasukuma kijiti."

"Lakini mwanzoni sikuwa na koti refu hili."

"Ulikuwa na koti gani?"

Ezéchiel alifikiri. "Lile jepesi."

"Inatosha. Kijiti hakitaki nguvu. Sikiliza. Usukani wa duara unataka uuzungushe mara kadhaa ndipo mashine ikunjike yote. Ukiugusa kwa bahati mbaya, inasogea kidogo tu, unawahi kurekebisha. Kijiti ukikisukuma kwa vidole, inakunjika yote. Ni kizuri. Kinapumzisha bega, maana sisi tunageuka kutwa nzima. Lakini hakijui kama kimesukumwa na mkono au na nguo. Na siku ile ulipoinuka kwenye kiti, ni pindo la koti lililokisukuma."

"Na mbona nikikiachia, bado inaendelea kupinda?"

"Ukikiachia, kijiti kinarudi katikati. Kiuno hakirudi. Kinabaki kilivyo mpaka usukume upande wa pili. Kwenye usukani wa duara ni hivyo hivyo, ila mikono yako ilizoea kuurudisha, hukujua hata unafanya. Usitazame kijiti. Tazama ndoo na matairi ya mbele. Hayo ndiyo yanakuonyesha ulipo."

Kisha akapanda kabini na kuwaonyesha. Ukiinua egemeo la mkono, usukani unafungwa, na kijiti hakifanyi kazi tena. Kila mara kabla ya kuinuka kwenye kiti, shusha ndoo chini, weka gia huru, funga breki ya kuegesha, inua egemeo, zima injini, ondoka na ufunguo. Aliteremka, akainama kando ya kiuno. Chini ya chumvi iliyoganda palikuwa na nondo nene yenye pini. Ilikuwa imelala hapo bila kutumika, imeshika kutu.

"Hii inafunga kiuno," alisema. "Mtu yeyote anayekuja kusafisha hapa, au kupaka grisi, kwanza nondo hii iwekwe. Hata injini ikiwa imezimwa. Ukiondoka hapo, unaitoa kabla ya kuendesha."

Doudou alitazama ile nafasi kati ya ngazi na tairi. Hakusogea karibu.

Ezéchiel akauliza kwa sauti ya chini, "Na Libère? Yeye hakuwa kwenye kiti. Hakuwa na koti."

Bwana Govender alikuwa amesimama nao tangu mwanzo. Sasa alisogea karibu. "Mfuko wake wa chakula ulikuwa unaning'inia ndani. Kamba ilikuwa imezunguka kijiti. Niliutoa mimi, nikampa mke wake. Sikufikiri lolote."

Chumvi iliteleza mahali fulani juu ya rundo, kidogo, ikatulia.

"Sikuwepo, siwezi kuapa," Colette alisema. "Lakini mtu akisimama kwenye ngazi injini ikiwaka, akavuta mfuko wake kutoka ndani, kamba inavuta kijiti kuja upande wake, na tairi linamfuata ngazini."

Akaonyesha kwa kidole ile nafasi kati ya ngazi na tairi.

Jumatatu Ezéchiel alirudi kazini na koti fupi la kubana. Nondo ilisuguliwa kutu na kupakwa rangi nyekundu. Bwana Govender alitoa amri kwamba hakuna kufagia kiungo mpaka nondo iwekwe, na akamwomba Colette aje kuwafundisha madereva wote. Loda haikukata kushoto tena. Alama zake juu ya chumvi zilipita ukutani zimenyooka.

Jumapili, kanisani, Agathe alikwenda moja kwa moja mpaka benchi alilokaa Spès peke yake. Akaketi karibu naye. Baada ya ibada alimweleza polepole, mambo yote, na mfuko pia. Spès alisikiliza akitazama mikono yake.

"Kamba ilikuwa imenyooka kama imevutwa," alisema. "Nilijiuliza kwa nini." Kisha akasema, "Nataka kupaona."

Kesho yake Agathe na Ezéchiel wakampeleka ghalani. Injini ilikuwa imezimwa na nondo nyekundu imefungwa. Wafanyakazi Wazulu walisimama mlangoni, wamevua kofia. Mmoja wao, mama wa makamo, alimpa Spès tawi la mti wenye miiba. Alimweleza kwamba kwao, mtu akifa mbali, jamaa huja na tawi mahali pale, humwita kwa jina, na kumrudisha nyumbani. Kwa Libère hakuna aliyekuwa amekuja.

"Sisi kwetu hatufanyi hivi," Spès alisema. "Lakini alifanya kazi na ninyi."

Aliweka tawi kati ya ngazi na tairi. "Libère," alisema, bila kupaza sauti. "Haikuwa mtu. Ilikuwa kamba tu. Twende nyumbani."

Katika ghala lile lililomeza kila sauti, watu waliokuwa mlangoni walimsikia vizuri.

Alipanda taxi, kibasi cha abiria, kurudi na tawi mapajani. Alilipia viti viwili, cha kwake na cha Libère. Taxi ilijaa njiani, watu wakapanda na kushuka. Dereva hakuuliza, na mpaka Cato Manor hakuna aliyekaa kwenye kiti kilichokuwa kando yake.